Philomena na Printa Mbovu ya Savita

Marehemu Philomena alikuwa na wivu. Waliompenda hawawezi kulikana hilo, na hakuna haja ya kulikana, maana Mungu alimuumba hivyo na akamchukua hivyo hivyo. Kuna watu ambao wivu huwajia kama homa, ukipanda na kushuka. Wa Philomena ulikaa pale pale kama jicho la tatu, haulali wala haupepesi. Mumewe Makoye akirudi sokoni na samaki mkubwa, Philomena alitaka kujua muuzaji amempendea nini. Akirudi na samaki mdogo, alitaka kujua wamegombana nini, kwa sababu watu hawagombani bila kuzoeana.

Alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa barazani mwa duka la Chirag, mjini Shinyanga, jirani na ile ya Mageni, mwanamke wa Tinde aliyekuwa na mdomo mkali kuliko mkasi wake. Makoye alikuwa fundi umeme kwenye kinu cha pamba, mpaka kinu kilipofungwa na mafundi wakaambiwa wakalime.

Mvua za El Niño ziliwakuta wakiwa katika hali hiyo. Donatus, kaka yake Philomena, alikuwa upande wa Kharumwa akichimba dhahabu kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Maji yakaingia, udongo ukashuka. Philomena alikaa na wifi yake kwenye mdomo wa duara lile wakisubiri Donatus atolewe, na alipotolewa walimtambua kwa shati, kwa kuwa Philomena mwenyewe ndiye aliyelishona. Alirudi nyumbani akamsimamisha Makoye mbele ya picha ya Bikira Maria.

"Apa kwamba hutashuka duarani."

"Nikipata kazi nyingine sitashuka," Makoye akasema. "Nikikosa, Mama Davis, mtoto atakula kiapo?"

Kazi nyingine ilikuwepo moja tu. Mgodi mkubwa ulikuwa unajengwa katika ukanda wa Kahama na Geita, na wajenzi wake walitafuta mafundi. Makoye alikwenda Kahama kujaribiwa. Wakamwonyesha meza ya chuma inayosogezwa na mota juu ya skrubu ndefu, wakamwambia aifikishe kwenye alama na aisimamishe hapo. Makoye mota alizijua tangu ujana, lakini mota za kinuni zina mambo mawili tu: kuwaka na kuzima. Akawasha. Meza ikaondoka kama ng'ombe aliyechomwa mwiba, ikaipita alama, ikagonga mwisho na kuipinda skrubu.

Msimamizi hakumgombeza. "Mota unaijua," alimwambia. "Mwendo huujui. Rudi wiki ya Pasaka."

Sasa, mtu wa Shinyanga atajifunzia wapi mwendo wa mashine asiyokuwa nayo? Hapo ndipo Savita alipoingia katika maisha yao, na ndipo jicho la tatu la Philomena lilipofunguka kabisa.

Savita alikuwa dada yake Chirag, hajaolewa, amesoma Nairobi. Katika stoo nyuma ya duka alikuwa na kompyuta, na alifundisha watu kupiga chapa. Makoye alipokwenda kumrekebishia soketi, akamsimulia aibu yake ya Kahama. Savita akaenda pembeni, akavuta printa mbovu iliyokaa chini ya magunia, akaifunua.

"Bwana Makoye, tazama. Na hii nayo ina meza inayotembea. Kichwa chake kinakwenda kulia na kushoto, kinasimama hasa pale penye herufi. Mota ni ndogo, lakini kanuni ni ile ile."

Wakakubaliana. Yeye alijua kompyuta, Makoye alijua nyaya, na mwendo walikuwa hawaujui wote wawili. Walikuwa na kitabu kimoja tu cha Kiingereza, nakala ya fotokopi yenye kurasa zilizofifia. Savita akaanza kwa kutengeneza mchezo kwenye kioo cha kompyuta: kijisanduku cheupe kinachotembea juu ya mstari. Unakiambia kiende hatua ngapi, kianze polepole kiasi gani, kishike kasi wapi, kianze kupunguza wapi. Ukikosea kinagonga ukuta wa kioo, na ukuta wa kioo hauumizi mtu wala haupindi skrubu. Makoye alikigongesha mpaka akachoka kukigongesha. Kijisanduku kilipoanza kumtii, akachomea nyaya kutoka nyuma ya kompyuta hadi kwenye mota ya printa, na mazoezi yakahama kutoka kwenye picha kwenda kwenye chuma.

Stoo ile ilikuwa na dirisha la nondo linalofungukia barazani. Chini ya dirisha hilo ndipo cherehani ya Philomena ilipokaa.

Mafundi wa kinuni walikuwa na desturi yao. Mashine kwao ni mtu. Hawasemi "iguse", wanasema "mguse". Hawasemi "imechoka", wanasema "amechoka mama huyu". Makoye alikuwa ameiingiza desturi hiyo stoo, na Savita akaichukua bila kufikiri. Basi Philomena akikanyaga cherehani yake huku sindano ikipanda na kushuka, alikuwa akisikia juu ya kichwa chake sauti ya mumewe, laini kama mafuta ya pamba:

"Mpeleke nyumbani sasa."

Na sauti ya Savita: "Polepole, Makoye. Usimshtue."

"Namgusa... ameitika. Narudi nyuma kidogo."

"Mguse tena. Taratibu. Hapo! Amefika."

Halafu kicheko cha watu wawili.

Mageni hakuinua macho kwenye kazi yake. "Mayo," akamwita mama kwa Kisukuma, "nyumbani kwenu ni wapi siku hizi?"

"Unajua ni wapi."

"Nauliza tu. Maana nasikia kuna mtu anapelekwa nyumbani tangu asubuhi, na wewe uko hapa."

"Wanasoma mashine."

"Ehee. Hata mimi mume wangu wa kwanza alikuwa anasoma. Alisoma mpaka akafaulu, akahamia kwa mwalimu."

Philomena akakata uzi kwa meno. Kama ni kuuliza, angeweza kumuuliza Makoye jioni, na Makoye angemjibu. Lakini mwenye wivu haulizi jambo ambalo ana hamu ya kulijua mwenyewe. Alikuwa anakusanya. Alikusanya kwamba Makoye ameanza kuvaa shati la Jumapili siku ya Jumanne. Alikusanya kwamba ananukia bizari. Alikusanya kwamba mwanamume aliyekuwa akiingia nyumbani kwa kuupiga mlango teke, mikono imejaa koleo na waya, sasa akilala alisema usingizini, "Ngoja aitike kwanza." Kwa upole! Tangu waoane hakuwahi kungoja Philomena aitike jambo lolote.

Siku moja katikati ya Kwaresima alifika barazani akafunua cherehani yake, akakuta mkanda haupo. Ule mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu, ambao bila huo cherehani ni meza ya kuwekea chai. Akainama kuutafuta chini. Akatafuta kwenye magunia. Kisha akasikia kutoka dirishani:

"Huu wa mke wangu umemkaa vizuri. Mtazame anavyopendeza nao."

Mageni alisimulia baadaye kwamba Philomena hakupita mlangoni, bali mlango ndio uliompisha. Hakubisha wala hakuita. Alijikuta katikati ya stoo, pumzi juu juu, na mkasi mkononi.

"Yuko wapi?"

Makoye akageuka. "Nani?"

"Huyo aliyevaa mkanda wangu! Huyo mnayempeleka nyumbani, mnayemgusa, anayeitika! Mtoeni nimwone!"

Savita alimtazama, akautazama mkasi, akaitazama printa mezani. Kisha akaketi chini, sari na yote, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Mama Davis," akasema akihema, "ndiye huyo. Msalimie."

Juu ya meza kulikuwa na printa isiyo na mfuniko, utumbo wote nje. Mkanda wake wa asili ulikuwa umekatika, na mahali pake, ukiwa umekatwa na kufungwa ncha kwa ncha, ulikuwepo mkanda wa Philomena. Upande wa kushoto palikuwa na swichi ndogo yenye ulimi wa chuma, na chini yake Makoye alikuwa ameandika kwa kalamu nene: KAYA.

"Kaya, yaani nyumbani, ni hapa," Makoye akaanza kueleza haraka haraka, kama mtu aliyekamatwa. "Kitabu kinasema mashine ikizimika umeme, inasahau iko wapi. Ni kama mlevi aliyeamka njiani. Ukiiambia itembee hapo hapo, itakwenda mbio na hesabu za uongo mpaka igonge. Ndiyo maana lazima kwanza irudi kaya, iguse swichi hii, ijue kwamba hapa ndipo sifuri. Tena haiigusi kwa kishindo. Inagusa, inarudi nyuma kidogo, inakuja tena polepole. Mimi nikamwambia Savita, kumbe inapiga hodi! Mtu haingii kwa watu kwa kishindo. Anapiga hodi, anarudi nyuma hatua, anangoja, akikaribishwa anaingia. Tazama."

Akagusa kibonye. Kichwa cha printa kikatembea kushoto, kikagusa ulimi wa swichi, kikarudi nyuma kama mkwe mwenye adabu, kisha kikasogea tena taratibu mno na kutulia.

Mtu mwingine angecheka. Mageni, aliyekuwa amejibanza mlangoni, alikuwa anacheka tayari. Philomena hakucheka. Alisimama akikitazama kile kichuma kilivyongojewa, kilivyobembelezwa, na moyo wake badala ya kupoa ukazidi kuwaka. Angekuwa mwanamke mwenzake, angemsema kisimani, angemsema kwenye jumuiya, angemsusia salamu kanisani. Kipande cha printa utakisema wapi?

"Huyu anapigiwa hodi," akasema. "Mimi nikiwa kwangu napigiwa mlango teke."

"Philomena..."

"Huyu anangojewa aitike. Mimi uliningoja lini?"

Philomena akaingiza mkasi, akaukata ule mkanda, akauvuta ukatoka wote. Ulikuwa umeshafupishwa, haukuweza tena kufaa cherehani wala kitu kingine chochote duniani. Aliuchukua hata hivyo, akatoka nao.

Siku zilizofuata stoo ilikuwa kimya. Philomena alikopa mkanda kwa Mageni, akashona, na kimya kile kilichokuwa juu ya kichwa chake alikifurahia kama mtu aliyeshinda kesi. Pale barazani alimwombea Savita mume, tena kwa nia njema, alimwombea wa Uingereza. Ijumaa alikwenda Njia ya Msalaba, akapiga magoti kila kituo, na kila kituo alimwona Savita.

Alirudi kutoka huko akamkuta Makoye kitandani na mfuko wa turubai mbele yake. Ndani kulikuwa na tochi ya kichwani, kamba, na viatu vya mpira.

"Vya nani hivyo?"

"Vyangu. Wenzangu wa kinuni wanaondoka Jumatatu kwenda Kharumwa. Wana duara."

"Na mtihani?"

"Kwa mkono gani? Kile kijisanduku cha kwenye kioo nakiweza. Chuma nilikuwa ndiyo kwanza naanza kukiweza. Chuma kina uzito, kinateleza, kinang'ang'ana, kioo hakikufundishi hayo." Hakusema kwa hasira. "Sikulaumu, Mama Davis. Mkanda ulikuwa wako, nami niliuchukua bila kuomba."

Ingekuwa heri angemtukana. Philomena alikaa kwenye kigoda akiitazama ile tochi. Ilikuwa kama ile ya Donatus, ya aina ile ile, yenye mpira mwekundu. Wivu ukamwambia: bora Kharumwa kuliko stoo, maana duarani hakuna wanawake. Na yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza, akausikia wivu wake ukisema, akauogopa.

Akainua godoro, akautoa mkanda. Akauunga kwa waya kama mafundi cherehani wanavyounga, akaukaza, akaujaribu kwa kidole gumba.

"Mpelekee," akasema. "Lakini dirisha libaki wazi."

Basi mazoezi yakarudi, na dirisha likabaki wazi. Mkanda wa ngozi uliteleza mara moja moja, nalo hilo likawa somo: ukiteleza, mashine inadhani iko mahali ambapo haipo, mpaka irudishwe kaya. Philomena aliyasikia yote akiwa chini ya dirisha. Kila "mguse" ilimchoma kama sindano iliyopita kwenye kidole, ila sasa hakusimama.

Pasaka ilipokaribia, Savita akaja mwenyewe barazani. Alichutama mbele ya cherehani, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla.

"Mama Davis, nina mjomba Kahama, ana karakana. Ana meza ya skrubu, kama ile ya mtihani. Amekubali Makoye aijaribu siku chache kabla. Lakini mjomba hamjui. Lazima niende naye."

Mageni aliacha kukanyaga cherehani.

"Muende wawili?" Philomena akauliza.

"Wawili."

"Mlale huko?"

"Tulale huko. Mimi kwa mama mdogo wangu."

Philomena alipitisha uzi kwenye tundu la sindano. Ulikataa. Akaulamba, akaupitisha tena. "Nendeni," akasema. "Na umwambie mjomba wako mume wangu hali pilipili."

Walipoondoka na basi la asubuhi, alisimama mpaka vumbi likatua. Siku zile alishona sare za sikukuu za WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, na mama mmoja alirudisha gauni lake lina mikono miwili ya kushoto. Siku waliyotarajiwa kurudi hawakurudi. Habari zikaja kwamba basi limekufa Tinde.

"Tinde ni kwetu," Mageni akasema akipekua vitambaa. "Pana nyumba nzuri za wageni. Zina vyandarua."

"Mageni, leo nitakushona mdomo."

"Nishone, lakini tumia uzi mzuri."

Hata Mageni, alipoona machozi yamedondoka juu ya kitenge cha watu, alisogeza kigoda chake karibu, wakashona bega kwa bega.

Kesho yake adhuhuri lori la mashudu ya pamba likasimama mbele ya duka. Savita akashuka mbele, karibu na dereva. Makoye akashuka nyuma kutoka juu ya magunia, mweupe kwa vumbi hadi kope. Philomena alisimama. Alikuwa na swali moja la kuuliza, la duara na la uhai, na kila mtu barazani alilingoja. Likatoka lingine.

"Alilala wapi?"

"Basi halikutufikia Kahama, akarudi kulala kwa mama mdogo wake," Makoye akasema. "Mimi nimelala karakana na mbu."

"Mbu wa kike au wa kiume?"

"Mama Davis," Savita akaingilia, "mumeo anakoroma mno. Mlinzi wa karakana alihama."

"Na wewe umejuaje kwamba anakoroma?"

"Kahama nzima inajua!"

Hapo Mageni akashindwa, akaangua kicheko, na hata Chirag akatoka dukani kuona kuna nini. Philomena hakucheka bado. Alikuwa akiutafuta uso wa Makoye chini ya lile vumbi.

"Kwenye mtihani tulikuwa watatu," Makoye akasema, sasa kwa sauti ya chini, akimwambia yeye peke yake. "Meza ikiwa katikati ya safari, msimamizi akazima umeme. Akawasha tena, akasema, endelea. Wa kwanza akabonyeza kuendelea, ikagonga. Wa pili akapunguza mwendo, ikagonga polepole. Mimi nikasema, bwana, huyu hajui alipo, naomba nimrudishe nyumbani kwanza."

"Halafu?"

"Naanza kazi mwezi ujao. Juu, Mama Davis. Juu ya ardhi, kwenye mikanda ya kubebea mawe. Chini sishuki."

Philomena aliketi kwenye kigoda chake akajifunika uso kwa lile gauni lenye mikono miwili ya kushoto, akalia mpaka kitambaa kikalowa. Alipomaliza alimwambia Savita, "Asante, dada," na akaliona neno hilo lilivyo zito kulitoa. Kisha akamwambia Makoye aende akaoge, ananukia bizari.

Makoye alianza kazi. Alikuja likizo kila ilipowezekana, na kila likizo Philomena alimhoji habari za ile mikanda ya mawe: ni upi anaouongoza siku hizi, una tabia gani, unamsumbua au haumsumbui. Aliuchukia mmoja hasa, ambao Makoye aliusifia sana. Kabla mwaka haujaisha homa ikampata Philomena, ikamchukua kwa muda mfupi, na mtoto wao Davis hajaanza hata shule.

Tangu siku ya Donatus alikuwa ameishi na hofu moja, kwamba ipo siku ataitwa kwenye mdomo wa shimo kumsubiri mumewe. Mungu, ambaye njia zake si zetu, alimwondolea hofu hiyo kwa namna ambayo hakuna aliyeiomba. Makoye ndiye aliyesimama kwenye mdomo wa shimo, mzima, juu ya ardhi, amemshika mtoto mkono, na ilibidi aambiwe mara mbili kwamba wamekwisha kufukia, watu wanaondoka.